Pawabenki moja kubwa au mbili ndogo kwa safari ya ndege?

Zote hukaa kwenye begi la mkononi. Kwenye mzigo unaokabidhi kaunta ni marufuku, maana betri yake ya lithiamu ikiwaka huko chini wahudumu hawawezi kuifikia.

Kwa ruhusa, ndogo zinashinda wazi. Zidisha mAh (ujazo wa betri) kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, upate Wh (wati-saa, kipimo cha nishati): ya mAh 10,000 ni Wh 37, chini ya kikomo cha Wh 100 kisichohitaji ruhusa. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, na hiyo lazima shirika la ndege liikubali kabla. Tafadhali uliza mapema, usisubiri kunyang'anywa ukaguzini.

Ndogo moja ikifa, unabaki na nyingine. Ila kubwa ndiyo inayofaa kuchajia laptopu. Mwenye simu tu haihitaji.