Hotidogi za Nyama ya Ng'ombe Tupu Ukiwa Mbali na Chicago: Ipi Ununue, na Uipate Wapi

Aliyeishi Chicago kisha akahamia Dallas, Phoenix au Des Moines hachukui muda kugundua kwamba friji za supamaketi zimejaa hotidogi, ila ile aliyoizoea ama haipo, ama ipo kwa jina lile lile lakini haina ule mlio wa kupasuka jino linapoiuma. Mwongozo huu unazipanga hotidogi za ng'ombe zinazopatikana nje ya jiji hilo, kuanzia inayostahili kutafutwa kwa bidii hadi ile ya kununuliwa kwa sababu watoto wana njaa. Nimezipima kwanza kwa ngozi, yaani utumbo unaofunika nyama, kisha kwa urahisi wa kuzipata, na bei nimeiweka nyuma kwa sababu ambazo zitaonekana.

Asili yake inajulikana. Katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893, wahamiaji wawili kutoka Austria-Hungary, Emil Reichel na Samuel Ladany, waliuza soseji za nyama ya ng'ombe, na biashara yao ndiyo iliyokuja kuwa kampuni ya Vienna Beef. Soseji hiyo ina kitunguu saumu na paprika, hujazwa ndani ya utumbo halisi wa mnyama, na huliwa katika mkate wenye mbegu za popi pamoja na haradali ya njano, achari ya matango yenye rangi ya kijani kali, vitunguu, nyanya, kipande kirefu cha tango la siki, pilipili ndogo za siki na chumvi ya seleri. Kwa aliyekulia Nairobi, ni jamaa wa karibu wa smokie, soseji inayopasuliwa kando ya barabara na kujazwa kachumbari. Tomato sosi haiwekwi. Mtoto akiiomba husamehewa, mtu mzima hutazamwa kwa jicho la pembeni.

Kabla ya kuchagua jina la kampuni, geuza pakiti usome nyuma. Sheria za Marekani zinataka hotidogi inayoitwa ya ng'ombe iwe na nyama ya ng'ombe peke yake, na mafuta yasizidi asilimia 30. Pakiti isiyotaja mnyama upande wa mbele, ikasema tu soseji au hotidogi, aghalabu huwa na kuku na bata mzinga waliokamuliwa mifupa kwa mashine, na nguruwe juu yake. Jambo la pili ni ngozi yenyewe, na hapa wengi huteleza: nyama inaweza kuwa ya ng'ombe tupu huku utumbo unaoifunika ukawa wa kondoo au wa nguruwe. Kanuni inamlazimu mtengenezaji kuutaja utumbo huo kwenye lebo ukiwa umetoka kwa mnyama tofauti na nyama iliyomo, kwa hiyo asiyekula nguruwe asiridhike na maandishi makubwa ya mbele. Asome mpaka mstari wa mwisho wa orodha ya viambato. Zile zinazouzwa kama hazina ngozi hupikwa ndani ya mrija wa selulosi (utando wa nyuzi za mimea) unaovuliwa kiwandani, na ndiyo maana ni laini kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nafasi ya kwanza naipa Vienna Beef yenye ngozi ya utumbo, na sioni haja ya kuomba radhi kwa kuchagua lililo wazi. Tatizo ni kwamba kampuni hiyo hutengeneza aina mbili, yenye ngozi na isiyo na ngozi, na supamaketi za mbali zinapoileta mara nyingi huleta hiyo ya pili, ambayo ladha yake ni nzuri lakini haimtoi mtu hamu. Wengi hukimbilia mtandaoni, ambako soseji hufika zikiwa kwenye boksi la sponji lenye barafu, na gharama ya kuzisafirisha huweza kuizidi bei ya nyama yenyewe. Mimi nashauri uanze karibu. Karibu kila jiji kubwa la Marekani lina kibanda au mkahawa mdogo unaouza hotidogi za mtindo wa Chicago, na bango la Vienna Beef hutundikwa ukutani bila aibu. Mwenye mkahawa hununua kwa katoni kutoka kwa msambazaji wa vyakula. Mwombe kwa adabu, wakati ambapo hakuna foleni, akuuzie pakiti mbili au tatu ambazo hazijafunguliwa, na akikataa muulize jina la msambazaji wake, kwani baadhi ya maduka ya jumla yanayohudumia mikahawa humuuzia hata mtu binafsi. Uliza pia ukubwa: nane kwa ratili moja ndiyo kipimo cha kawaida, yaani wakia mbili au gramu 57 hivi kila moja. Zilizo nene zaidi huujaza mkate zikakosesha mboga nafasi.

Ikiwa hakuna kibanda mjini kwako, basi agiza, ila agiza kwa akili. Changeni familia tatu au nne boksi moja, na mliagize mwanzoni mwa wiki ili lisije likalala ghalani Jumamosi na Jumapili. Vifurushi kamili, vyenye mikate na vikorombwezo vyote, huvutia macho lakini unalipia nauli ya barafu kwa vitu visivyohitaji baridi. Achari ya kijani na pilipili za siki ziko kwenye chupa na husafiri kwa posta ya kawaida. Vitunguu, nyanya na haradali viko dukani kwako. Chumvi ya seleri hutengenezwa kwa kusaga mbegu za seleri na kuzichanganya na chumvi. Portillo's, mkahawa ulioanza mwaka 1963 katika kitongoji cha Villa Park, nao husafirisha vyakula vyake, na umefungua matawi katika majimbo kama Texas, Arizona na Florida. Aliye karibu na tawi hana sababu ya kusubiri boksi.

Ya pili ni Boar's Head ya ng'ombe yenye ngozi halisi. Hii ni ya New York kwa asili, viungo vyake vimetulia kuliko vya Chicago, lakini ngozi yake inapasuka inavyotakiwa na hupatikana katika supamaketi nyingi zenye kaunta ya nyama za kukatwa. Kwa mtu anayetaka kula leo jioni bila kupiga simu yoyote, hii ndiyo jibu.

Sabrett na Nathan's Famous nazibeba pamoja katika nafasi ya tatu. Sabrett ni soseji ya mikokoteni ya New York, na hupatikana kwa urahisi zaidi katika majimbo ya mashariki. Nathan's ilianzia Coney Island mwaka 1916 na sasa iko karibu kila mahali. Zote mbili zina aina yenye ngozi na isiyo na ngozi, pakiti zake zikifanana kiasi cha kumchanganya mnunuzi mwenye haraka. Tafuta maneno yanayosema ngozi asilia, yasipokuwepo, haina.

Hebrew National, iliyoanza New York mwaka 1905, haina ngozi, na kwa kipimo changu ingeshuka chini sana kama isingekuwa na sifa moja: ni kosher, yaani imetengenezwa kwa sheria za chakula za Kiyahudi, kwa hiyo nguruwe hayumo, si katika nyama wala popote. Kwa familia ya Kiislamu suala halijaishia hapo, kwa kuwa wapo wanaoridhika na uchinjaji wa Kiyahudi na wapo wasioridhika. Asiyeridhika atafute soseji yenye alama ya halali katika bucha za Waarabu, Wapakistani au Wasomali, na aulize habari za ngozi hata huko.

Kirkland ya Costco inafunga orodha. Ni nene, ni ya ng'ombe tupu, haina ngozi, na bei yake ni nzuri kwa anayelisha watu wengi, mradi awe na kadi ya uanachama. Wengi huifahamu kupitia mkahawa wa ndani ya duka, ambako hotidogi na soda vimeuzwa kwa dola 1.50 tangu miaka ya 1980. Ichome kwenye mkaa badala ya kuichemsha, uichanje ncha zote mbili mfano wa msalaba. Moshi hufidia sehemu ya kile ambacho ngozi ingeleta.

Nje ya orodha nimewaacha wengi, akiwemo Oscar Mayer, ambaye biashara yake ilianza Chicago kwenyewe mwaka 1883. Pakiti yake ya kawaida ina bata mzinga, kuku na nguruwe. Ya ng'ombe ni pakiti nyingine kabisa. Kuzaliwa Chicago pekee hakutoshi.

Ukishaipata yenye ngozi, usiichemshe kwa fujo. Pasha maji mpaka yaanze kutoa mvuke, punguza moto kabla hayajatokota, tia soseji, uziache zipate moto taratibu hadi katikati. Maji yakichachamaa ngozi hupasuka na mafuta yenye viungo yakabaki sufuriani. Mjamzito ahakikishe zimepata moto hadi nyuzi 74 za Selsiasi, kwa ajili ya kinga dhidi ya bakteria wa listeria. Pakiti iliyofunguliwa ikae frijini wiki moja, isiyofunguliwa wiki mbili, na kwenye friza uzitumie ndani ya miezi miwili, maana zikikaa zaidi haziharibiki lakini ngozi huanza kuwa ngumu, na ngozi ndiyo uliyoilipia.