Diski za 4K za James Cameron: The Abyss chukua, True Lies iache

Nianze na jibu, maana najua wengi wetu mwezi ukiisha hela inayobaki ni ya diski moja tu. Kati ya filamu tatu za James Cameron zilizotoka kwa diski za 4K, zile zenye picha kali kuliko Blu-ray, huko Marekani Machi 2024, The Abyss nunua bila wasiwasi. Aliens nunua kama huna Blu-ray yake ya zamani. Kama unayo, kaa nayo. True Lies usiinunue hata ukipunguziwa bei.

Nasema hivyo nikiwa mtu anayempenda Cameron kweli kweli. Kizazi chetu tulimjua kabla hatujalijua jina lake. Kwenye vibanda umiza vya Tanga hakuna aliyeuliza mwongozaji ni nani. Tuliuliza stelingi ni nani. Arnold akiwemo, kibanda kinajaa. Baadaye ndipo nikagundua kwamba mikanda niliyoipenda kuliko yote, ya yule roboti aliyetumwa kutoka wakati ujao na ya yule mama anayepambana na madude huko angani, ilitoka mikononi mwa mtu mmoja. Tangu hapo kila toleo la filamu zake ninalolipata naliweka ndani: VHS, DVD, Blu-ray, na sasa 4K.

Jambo jingine mlijue: kazi yangu ya ujana ilikuwa studio ya picha. Nimeosha negativu na kuchapa picha za harusi, za pasipoti, za watoto waliomaliza madrasa. Kwa hiyo nikizungumzia chenga kwenye filamu, nazungumzia kitu nilichokishika. Filamu ya rangi ina tabaka za chembe za fedha zinazoitikia mwanga. Ukishaiosha, fedha hutolewa na kinachobaki ni doa dogo la rangi mahali kila chembe ilipokuwa. Madoa hayo ndiyo chenga, na ndiyo picha yenyewe. Hakuna picha nyingine safi iliyojificha chini yake ikisubiri kusuguliwa. Ukizifuta chenga umefuta kope, umefuta vinyweleo, umefuta makovu, kwa sababu vyote hivyo vimeandikwa kwa chenga zile zile.

Aliens ya 1986 ina chenga nyingi, na sababu inajulikana. Ilipigwa Uingereza, sehemu katika studio za Pinewood na sehemu katika kituo cha umeme kilichokuwa hakitumiki cha Acton Lane, London. Ni giza, moshi, mvuke, na taa ndogo za mabegani mwa askari. Kupiga gizani namna hiyo unahitaji filamu yenye kasi, na filamu yenye kasi ina chembe kubwa. Mpiga picha mkuu alikuwa Adrian Biddle, na hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza katika nafasi hiyo. Alichofanya ni kazi ya mtu jasiri: alikubali giza liwe giza. Unatazama huku unakaza macho pamoja na wale askari, hujui kama kilichotikisika kwenye kona ni mvuke au ni dude.

Sasa kwa toleo hili picha zilipelekwa Park Road Post, ile karakana ya Wellington, New Zealand, iliyofanya kazi na Peter Jackson kwenye picha za Vita ya Kwanza ya Dunia. Huko zimepitishwa kwenye programu za akili mnemba zinazoondoa chenga na kunoa mistari. Nilichukua kile kikao cha mwanzoni, Ripley, yule mama anayepambana na madude, anapohojiwa na wakubwa wa kampuni, nikaisimamisha uso wa mwigizaji wake, Sigourney Weaver, ulipojaa kwenye skrini. Paji la uso limepigwa pasi. Vile vimistari vya kando ya mdomo, ambavyo kwenye Blu-ray ya 2010 vinajikunja kila anapokaribia kulipuka kwa hasira, vimefifia mpaka uvitafute. Nywele za karibu na sikio zilikuwa nyuzi. Sasa ni mafungu yenye ukingo mkali, unaona wazi kwamba mashine imekisia nywele moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Halafu nikaiachia iendelee, nikarudi kukaa kwenye kochi, na hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Ikiwa inatembea, ukiwa umbali wa kawaida wa sebuleni, inapendeza. Weusi umekolea. Moto wa bunduki ya Ripley ndani ya kiota unaangaza kuta kwa rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye toleo lolote. Sauti ya Dolby Atmos inakuzunguka; ule mlio wa kifaa cha kutafutia adui ukianza kuongeza kasi, mtoto wa dada yangu alizima simu yake bila kuambiwa. Mtu ambaye hajawahi kuiona Aliens, ukimwekea hii, atakushukuru.

Ubishi wenyewe wa kufutwa chenga tunaufanyia Ngamiani, Tanga, kwa fundi wa deki wa barabara ya kumi na mbili. Kuna kaka mmoja pale, naye mkusanyaji mkubwa, aliyenibana vizuri.

“Dada, mwenye filamu ni yeye. Akiona chenga ni uchafu, wewe nani useme ni urembo?”

“Kaka, mwenye filamu hakuipiga peke yake.”

“Lakini aliyeidhinisha ni yeye. Angetaka chenga, angeziacha.”

Hoja yake nzito, siibezi. Cameron mwenyewe aliliambia jarida la Empire kwamba anazipenda picha hizi zilivyotoka, na wanaokagua chenga akawaambia watoke nyumbani kwa mama zao wakakutane na watu. Lilinichoma hilo. Wanaokagua kiasi hicho ndio walionunua filamu zake kila zilipobadilishiwa umbo, kuanzia VHS. Bila wao hakuna anayetengeneza diski leo. Na jibu langu kwa kaka yule liko pale pale: Adrian Biddle alifariki 2005. Hakuna wa kumuuliza kama alikubali kazi yake ya gizani ifutwe vumbi. Mwongozaji ana haki ya kutoa toleo analolitaka. Ila toleo lililoingia kwenye kumbi mwaka 1986, lile watu walilolipia na kulipigia makofi, nalo lilistahili nafasi kwenye diski.

Na Cameron hilo analijua, kwa sababu kwenye urefu wa filamu ameliheshimu. Diski ya Aliens ina filamu zote mbili, ya dakika 137 iliyotoka kumbini na ile ndefu ya dakika 154. Waongozaji wengine wakishaongeza mambo yao, toleo la kwanza hulificha. George Lucas wa Star Wars tunamjua. Cameron anakuachia uchague. Mimi huwa nachagua ndefu, kwa ajili ya tukio moja: Ripley anaambiwa kwamba binti yake, aliyemwacha mdogo, amezeeka na kufa akiwa na miaka 66 wakati yeye amelala usingizi wa safari. Ukishaliona hilo, kila anachomfanyia yule mtoto Newt baadaye kina uzito mwingine. Basi kama aliweza kutupa hadithi mbili, angeweza kutupa na picha mbili.

True Lies inanisikitisha kuliko zote, maana niliisubiri mno. Blu-ray zilipoanza kuuzwa 2006 nilidhani ingekuwa miongoni mwa za mwanzo. Huko Marekani haikutoka rasmi, si yenyewe wala The Abyss, mpaka hizi za 2024. Miaka yote hiyo tumevumilia DVD. Kumbe subira ile ilikuwa ya kuletewa hiki. Tazama pale hotelini, Jamie Lee Curtis anaposimama mbele ya kioo, anachana mapambo ya gauni lake na kujipaka nywele maji ya chombo cha maua. Ndio wakati mke wa nyumbani anageuka mtu mwingine mbele ya macho yetu, na mwigizaji yule anaufanya kwa uso tu, bila neno. Kwenye diski hii uso ule hauna vinyweleo. Nywele zilizolowa zimeganda. Nyuma yake vitu vilivyokuwa havionekani vizuri kwa sababu lenzi haikuvilenga vimenolewa kwa nguvu, vinashindana naye. Hapa hata ukirudi kwenye kochi haisaidii. Tukio la daraja la Florida, helikopta ikimtoa kwenye gari, limeponea kidogo kwa kuwa kila kitu kiko mbali na kinakimbia. Arnold akisogezwa karibu, tabu inarudi.

The Abyss ni habari nyingine kabisa, na natamani ningekuwa na nafasi ya kuandika juu yake peke yake. Hii ni filamu ya 1989 iliyopigwa Gaffney, South Carolina, ndani ya mtambo wa nyuklia ambao ujenzi wake uliachwa njiani. Waliujaza maji chombo kilichokusudiwa kuwa cha kinu, karibu lita milioni 28, wakazamisha humo kituo kizima cha kuchimba mafuta, wakawafundisha waigizaji kupiga mbizi. Unachokiona ni watu halisi ndani ya maji halisi. Kwenye DVD yangu ya zamani yote hayo yalikuwa tope la bluu. Sasa taa za nyambizi zinakata maji kweli, unaona vumbi likielea mbele ya kioo cha kofia ya Ed Harris, unaona mvuke wa pumzi yake. Wamesafisha humu pia, ukikazia macho utaona ngozi imelainishwa mahali mahali, lakini mkono ulikuwa mwepesi.

Ule mkono wa maji unaoingia kituoni na kuiga sura ya Mary Elizabeth Mastrantonio, kazi ya kompyuta ya ILM, kampuni ya mbinu za picha, iliyochangia filamu kupata Oscar ya mbinu za picha, bado unasisimua. Tukio la kumzindua baada ya kuzama sikuweza kulitathmini kifundi. Nililitazama tu. Toleo la dakika 171 limo pamoja na lile fupi, nawasihi muanze na refu, kwani ndimo yalimo yale mawimbi makubwa yanayosimama mbele ya miji na ndimo mwisho wa filamu unapoeleweka.

Kuhusu ununuzi. Mimi nilitumiwa na mdogo wangu aliyeko Houston. Kwa pesa za kwetu kila diski ilikaribia laki moja kabla ya nauli. Wanaoogopa diski za Marekani waondoe hofu kwa upande wa 4K, hazina maeneo. DVD ya Marekani ni eneo la 1 na sisi ni la 5. Blu-ray wao ni A na sisi ni B. Lakini 4K inacheza popote. Ile Blu-ray inayofungashwa ndani ya boksi ndiyo inayoweza kusumbua, kutegemea deki yako. The Abyss msisubiri nakala ya Uingereza: bodi yao ya filamu ililikata tukio la panya anayezamishwa kwenye kimiminika cha kupumulia, na nisingependa mtu alipe pesa yote hiyo apate filamu yenye pengo.

Kisha fungueni mipangilio ya TV mkapunguze ukali wa picha mpaka chini na kuzima ule ulainishaji wa mwendo. TV nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimewashwa vyote viwili, na kwenye diski ambayo mashine imeshanoa mara moja, kunoa mara ya pili ndiko kunakoleta zile kingo nyeupe kuzunguka vichwa vya watu. Kwenye Aliens tofauti niliiona palepale. Anayeuza Blu-ray ya 2010 iliyo katika hali nzuri pale Ngamiani aniambie, kuna kaka mmoja nataka nimnunulie.