Kiti cha kuogea kwa mwenye lukemia sugu: kinasaidia, ila chagua chenye egemeo

Uchovu wa lukemia sugu (saratani ya damu inayokwenda polepole) hauondoki kwa kulala tu, na kuoga kwa kusimama ni kazi nzito kuliko inavyodhaniwa: maji ya moto hutanua mishipa, shinikizo la damu likashuka, na mwenye upungufu wa damu akashikwa na kizunguzungu. Kiti cha kuogea cha alumini kinapunguza mzigo huo kwelikweli.

Chukua chenye egemeo na mikono. Stuli tupu huchosha mgongo. Rekebisha miguu yake mpaka nyayo zako zikanyage sakafu vizuri na magoti yakunjike kama digrii 90. Hapa ndipo wengi hukosea: kitufe kinachofunga urefu wa mguu mmoja hakijachomoza sawasawa kwenye tundu lake, kiti kinayumba. Sikiliza kila kitufe kikilia "tak", kisha kandamiza kiti kwa mikono kabla ya kukikalia. Mipira ya chini ikilika au kupasuka, ibadilishe mara moja. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chache, hata anguko dogo laweza kuvujisha damu vibaya.

Kasoro ya kiti hiki ni kula nafasi. Uchovu ukizidi ghafla, usitegemee kiti: mwone daktari apime damu na kuangalia dawa, maana imatinib, kwa mfano, ambayo ni dawa ya lukemia, nayo huchosha.