Bima ya mafuriko ya duka langu: huduma nzuri, mlango mwembamba

Nauza magodoro na mapazia Mwanakwerekwe, Zanzibar, na mwenye godoro huogopa maji ya masika kuliko moto. Basi nikakata bima kwa kampuni binafsi moja ya hapa mjini. Kwa jina ni bima ya moto. Mafuriko ni kiambatisho, unakilipia mbali, na usipouliza hutajiwa.

Huduma yao sina la kuitoa. Wakala alikuja mwenyewe dukani, akapiga picha, akapima kimo cha sakafu kutoka barabarani, akataka bidhaa zote ziwekwe juu ya chaga. Maji yalipoingia Aprili, mkadiriaji hasara alifika kesho yake na mabuti ya mpira, akahesabu godoro moja moja bila ya kunifanya mwizi. Fidia nikalipwa, imekatwa asilimia 10 ninayotakiwa kuibeba mie. Sikupenda, lakini ndivyo hati inavyosema.

Kinachonikera ni ya jirani yangu muuza unga, ambaye duka lake liko bondeni zaidi. Yeye wamempa moto tu, mafuriko wamemkatalia. Na yeye ndiye anayelowa kila masika! Kampuni siilaumu sana, maana hakuna mfanyabiashara anayenunua hasara huku anaiona. Lakini huyu muuza unga aende wapi?

Shemeji yangu anakaa Houston, Marekani. Hati yake ya mafuriko ina jina la kampuni binafsi, ila mzigo wa fidia ni wa serikali. Mpango huo wa serikali yao ulianza 1968, na tangu 1983 kampuni huuza bima hiyo kwa majina yao na kushughulikia madai, zikilipwa kwa kazi hiyo. Nyumba hukingwa hadi dola 250,000, vyombo 100,000. Kwa kawaida bima huanza baada ya siku 30, kwa hivyo ukishaona wingu limefunga umechelewa. Gharama ipo: mwaka 2017, mwaka wa kimbunga Harvey, Bunge lao liliufutia mpango huo deni la dola bilioni 16.

Sisi tuna Shirika la Bima la Zanzibar, la serikali, tangu 1969, na kampuni binafsi zenye mawakala wanaojua kila kichochoro. Serikali ingebeba hasara ya mabondeni, mawakala hawa hawa wangemfikia hata muuza unga.

Kwa sasa, kama duka lako limeinuka kidogo, kata, tena kabla ya Machi. Na ile asilimia ya kubeba mwenyewe, mwambie wakala akusomee mbele yako kabla hujatia saini.