Shadow and Bone: Darkling anaeleweka, lakini si mchumba

Anayetaka kujua kwa nini mashabiki wa fantasia ya vijana bado wanavutana kuhusu Darkling, kiongozi wa Grisha (watu wenye nguvu za kichawi), asome vitabu vyote 3 vya mfululizo wa Shadow and Bone wa Leigh Bardugo (2012, 2013 na 2014), tena kwa mpangilio huo. Tahadhari: mwisho unafichuliwa hapa.

Ustadi mkubwa uko kwenye kitabu cha kwanza. Alina, mhusika mkuu mwenye nguvu ya kuita mwanga, anasimulia mwenyewe, kwa hiyo tunampenda Darkling kwa macho ya yatima ambaye hakuzoea kuthaminiwa. Na hoja ya mtu huyu ina uzito: Grisha wanawindwa katika nchi ya Fjerda, wanapasuliwa wangali hai katika nchi ya Shu Han, naye anataka wawe na pa kukimbilia. Kisha anamvika Alina kola ya pembe za kulungu, anatwaa nguvu zake na kuuangamiza mji wa Novokribirsk. Hapo ndoto za mapenzi zinapaswa kukoma; kumhurumia mtu si kumpa ndoa.

Udhaifu ni Mal, rafiki wa Alina tangu utotoni na mpenzi wake. Kitabu cha pili kinamfanya alewe, apigane na kununa, na wivu unachukua nafasi ya mazungumzo. Nikolai, mwana wa mfalme, akiingia na ucheshi wake anamfunika kabisa. Cha tatu kinamrekebisha, ila kwa haraka.

Tamthilia ya Netflix ya 2021 inamtendea Mal haki zaidi. Kosa la tamthilia hiyo ni kutaja jina halisi la Darkling, Aleksander, mapema tangu msimu wa kwanza. Kitabuni Darkling analitoa kwenye cha tatu, akiwa amechelewa mno, na ndiyo maana linauma.