Surface Pro 7 baada ya mihula miwili darasani

Mwalimu wa Hisabati ana kazi za aina mbili ambazo vifaa vingi huzitenganisha. Huketi mezani akichapa mitihani na kujaza alama katika majedwali, kisha husimama na kalamu akikokotoa hatua kwa hatua mbele ya wanafunzi. Neno kishikwambi lilikuwa limeshazoeleka vinywani mwetu tangu Sensa ya mwaka 2022, na vifaa vile vilipogawiwa walimu baadaye nilijionea jinsi skrini ya kugusa inavyorahisisha kusoma, lakini pia jinsi inavyomchosha mtu anayetaka kuchapa mtihani wa kurasa nane. Ndipo nilipoanza kutafuta kifaa kimoja kitakachoweza kuwa kishikwambi asubuhi na kompyuta mpakato jioni.

Utafutaji huo ulinifundisha kwamba vifaa hivi vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni kompyuta mpakato ambazo bawaba yake huzunguka hadi kibodi ikalala nyuma ya skrini, mtindo ambao Lenovo waliuvumisha kwa Yoga ya mwaka 2012. Hizi hukaa imara mapajani na huchapika vizuri, ila ukizigeuza kuwa kishikwambi unabeba uzito wote wa kompyuta kwa mkono mmoja, huku vidole vikishika vitufe kwa nyuma. Kundi la pili ni vishikwambi vinavyobandikwa kibodi. iPad imo humo, na tangu Machi 2020 inakubali vizuri kipanya na kibamba cha kugusa (touchpad), lakini programu ya matokeo inayotumika shuleni kwetu iliandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo kwangu mjadala uliishia hapo. Kwa mtu ambaye kazi zake zote zimo ndani ya kivinjari, Lenovo Duet ya mwaka 2020 inayotumia ChromeOS, mfumo wa Google, ni chaguo la busara, hasa kwa kuwa kibodi na mfuniko wenye stendi vimo ndani ya boksi.

Nilichokichagua ni Surface Pro 7 ya Microsoft, kishikwambi cha kundi hili la pili kinachotumia Windows. Ilitoka Oktoba 2019, nami nikainunua ikiwa imeshatumika. Skrini yake ya inchi 12.3 ina uwiano wa 3 kwa 2, na jambo hilo dogo katika maelezo ya kiufundi ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Skrini pana zilizoundwa kwa ajili ya filamu huonyesha nusu ya ukurasa wa mtihani, na zikisimamishwa wima huwa kama ubao mwembamba. Hii ikisimamishwa wima hukaribia umbo la karatasi ya A4, hivyo kazi ya mwanafunzi iliyopigwa picha huonekana nzima na ninaisahihisha kwa kalamu pasipo kuisogeza juu na chini. Kalamu hutambua viwango 4,096 vya mgandamizo, lakini kwa mwalimu lililo muhimu zaidi ni kwamba kiganja kinaweza kulala juu ya kioo bila kuchora mistari isiyotakiwa. Nimeandika milinganyo kwa muda wa vipindi viwili mfululizo, picha ikirushwa ukutani kwa projekta, na mwandiko wangu umebaki kuwa mwandiko wangu. Matoleo yenye vichakataji vya Intel vya i3 na i5 hayana feni, hivyo darasa halisikii mvumo wowote.

Stendi ya nyuma hulala hadi nyuzi 165, na mezani haina mshindani. Mapajani ni habari nyingine: kifaa chochote kinachosimama kwa stendi huhitaji mapaja marefu na mtu aliyetulia, kwa hiyo anayetarajia kuchapa ndani ya daladala au kwenye benchi la kusubiria zamu hospitalini atafute kifaa cha bawaba. Nalisema hili waziwazi kwa sababu wanunuzi wengi huligundua wakiwa wameshalipa.

Kibodi inastahili onyo lake. Mwaka 2019 kifaa hiki kiliuzwa kuanzia dola 749 bila kibodi, na kibodi ya kawaida ilikuwa dola 130 hivi, yaani karibu moja ya sita ya bei ya kifaa. Katika soko la mitumba hali hiyo imeendelea, kwani vifaa vingi hufika vikiwa skrini tupu. Muuzaji mmoja wa Kariakoo alinihakikishia kwamba kibodi yoyote ya Surface Pro ingeingia. Aliyonipa ilikuwa ya Pro 8, na haikuingia. Zinazoingia kwenye Pro 7 ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Pro 3 hadi Pro 7, na ni vema uichape palepale dukani, sentensi nzima, kabla ya kutoa fedha.

Jambo la pili ni umri wa kichakataji. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Surface Pro ya mwaka 2017, ambayo bado hupangwa madukani kwa bei ya kuvutia, haimo katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa rasmi na Windows 11 kwa sababu kichakataji chake ni cha zamani mno. Pro 6 na Pro 7 zimo. Kumbukumbu (RAM) haiongezeki baada ya kununua, hivyo toleo la GB 4 liachwe hata likiwa rahisi kiasi gani. GB 8 zinatosha.

Jambo la mwisho ni betri. Kiwanda kilitaja hadi saa 10.5, lakini ahadi hiyo ilihusu kifaa kipya. Mwombe muuzaji afungue dirisha la amri (Command Prompt), aandike powercfg /batteryreport, kisha ulinganishe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo ilio nao sasa. Wawili walikataa kunifanyia hivyo, nikaondoka. Wa tatu alikubali bila maneno mengi, hesabu ikaja asilimia 81, nami nikalipa.