Siku mbili darasani, tatu nyumbani: uzoefu wangu wa mwaka mzima

Agosti mwaka jana tuliwatoa watoto wetu wawili shule ya serikali hapa Texas, karibu na Dallas, tukawaandikisha kwenye programu ya Kikristo inayounganisha darasa na nyumbani. Jumanne na Alhamisi wanasoma na wenzao kwenye majengo ya kanisa. Siku tatu zilizobaki mwalimu ni mimi, meza ni ya jikoni, na mpango wa masomo unatoka kwa walimu wao. Kijana ana miaka 8, mdogo wake wa kike 6. Wazazi wenzangu wananiuliza habari za programu hii kila Jumapili tukitoka ibadani, na pale mlangoni sipati nafasi ya kueleza vizuri.

Kwanza, inaruhusiwa? Hapa ndiyo. Tangu Mahakama ya Juu ya Texas ilipoamua kesi ya Leeper mwaka 1994, shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi, mradi mzazi afundishe kwa dhati, awe na mtaala ulioandikwa au unaoonekana, na humo ziwemo kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Aliye New York au Pennsylvania ajue masharti ya huko ni mengi zaidi.

Kilichonivuta mimi ni namna walimu wa programu wanavyomtazama mtoto. Wamejifunza mengi kutoka kwa Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, aliyeshikilia kwamba mtoto ni mtu kamili tangu anapozaliwa. Vipindi ni vifupi, dakika 15 au 20 kwa wadogo, na katika muda huo mtoto anatakiwa awepo kwa akili yake yote. Halafu kuna kusimulia. Unamsomea kifungu mara moja tu, unafunga kitabu, naye anakueleza alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Humwulizi maswali, humkatizi, humdokezei.

Wiki za kwanza nilikaribia kukata tamaa. Mwanangu alikuwa anamaliza kwa neno moja: "Ilikuwa nzuri." Huko alikotoka alikuwa na alama nzuri za kusoma, kwa hiyo nilidhani ni ukaidi. Mwalimu wake akaniambia nisome kifungu kifupi zaidi, halafu ninyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Nilikuja kugundua kwamba nilikuwa namjibia. Kila akisita, mimi nimeshamalizia.

Novemba tulisoma habari za Yusufu kutupwa shimoni na ndugu zake. Nilifunga Biblia, nikangoja. Alisimulia kanzu, shimo lisilo na maji, wale Waishmaeli na vipande 20 vya fedha. Halafu akakunja uso: "Mama, Reubeni alikuwa wapi wenzake walipokuwa wanakula? Mbona alirudi akakuta Yusufu hayupo?" Nimesikia habari hii tangu Shule ya Jumapili kule Tanga, na sikuwahi kujiuliza hilo. Tulirudi kwenye Mwanzo 37 pamoja, tukatafuta. Haikuandikwa. Siku nzima alibaki na swali lake, na mimi pia.

Walimu hawajali lugha ya kusimulia siku za nyumbani. Basi Ijumaa jioni mwanangu anampigia bibi yake kwa video na kumsimulia kwa Kiswahili hadithi ya wiki. Bibi anasikiliza kama tulivyosikilizwa sisi, akinong'ona tu "Enhe... kisha ikawaje?" Kiswahili cha mwanangu kilikuwa kinapotea. Sasa kinarudi, na kinarudi na sentensi ndefu.

Binti alikuwa na shida ya peke yake. Nilimfundisha silabi za Kiswahili mapema, ba be bi bo bu, naye akawa anasoma Kiingereza vivyo hivyo: "made" kwake ilikuwa ma-de. Mwalimu hakuniambia niache Kiswahili, jambo nililoambiwa kule nyuma. Alimpa sauti za herufi za Kiingereza taratibu, dakika 10 kila siku, na kufikia Pasaka alikuwa anatenganisha lugha mbili bila taabu. Hisabati inakwenda sawa, sina la kuongeza. Somo la viumbe ni la kutoka nje na daftari la michoro: Oktoba tulichora vipepeo wanaopita Texas kuelekea Meksiko, Machi maua ya bluebonnet kando ya barabara.

Suala la imani lilinipa wasiwasi. Sisi ni Walutheri, walimu wengi ni Wabaptisti. Siku moja ubatizo wa watoto wachanga, ambao sisi tunaukubali na Wabaptisti hawaukubali, ukaibuka darasani, na mwalimu akawaambia watoto wakaulize nyumbani kwao. Hilo lilinifanya niwaamini. Wanalishika kwelikweli lile agizo la Kumbukumbu la Torati 6, kuwafundisha watoto "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani". Mwenye jukumu ni mzazi.

Yanayohitaji kurekebishwa yapo. Mpango wa wiki mara nyingi ulitufikia Jumapili usiku, tumechelewa kujiandaa. Na orodha ya vitabu imejaa Ulaya na Marekani. Afrika inatokea kama mahali wamishenari walipokwenda, basi. Hili liliniuma. Nilimwandikia mratibu, nikaruhusiwa kubadilisha vitabu viwili, lakini ni mimi niliyetafuta mbadala. Watoto wa wenzangu wameendelea na orodha ile ile, na ningependa ibadilike kwa wote.

Ada yetu ilikuwa dola 4,200 kwa mtoto kwa mwaka, na vitabu vingi tulinunua vilivyotumika. Gharama kubwa ni muda. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Kutoka siku tano nimebaki na Jumanne na Jumamosi, na mume wangu anaongeza shifti za usiku. Kama nyote wawili mnafanya kazi mchana wiki nzima, programu hii itawaelemea, na mtoto ataumia siku zile tatu.

Kabla ya kulipa, omba ukae darasani siku nzima. Mimi nilikaa Alhamisi moja nyuma kabisa, nikamwona mwalimu akimngoja mtoto mmoja atafute neno lake. Alingoja muda mrefu, na hakuna aliyemcheka yule mtoto.